Mota Isiachwe Bila Mzigo: Umeme wa Kijito, Kapasita na Betri

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi umeme na wajumbe wa kamati za maji wa vijiji vya Nyanda za Juu Kusini. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Shikamooni wazee. Ndugu mafundi, wajumbe wa kamati, mama zetu na vijana wa karakana, asanteni kwa kuitikia wito.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni mota ngapi za fezi tatu zimelala kwenye mashine za kusaga zilizokufa, kwenye viwanda vya mbao vilivyofungwa, nyuma ya karakana za mjini? Na ni vijito vingapi katika wilaya zetu vinashuka kutwa kucha, masika na kiangazi, bila kusukuma chochote? Na bado kuna watu wanafunga betri nyuma ya pikipiki, wanakwenda kulipia chaji sokoni, wanarudi nayo imejaa nusu.

Leo tunaviweka vitu vitatu pamoja: kijito, mota na betri. Na kuna neno moja nitalirudia mpaka mtoke nalo hapa. Mota ikigeuzwa jenereta, isiachwe bila mzigo, yaani bila kitu cha kula umeme wake. Mengine yote nitakayosema yanazunguka neno hilo.

Tuanze na mota yenyewe. Chukueni mota ya kilowati 1.1, ya poli nne, yaani ncha nne za usumaku. Someni kibati chake: hezi 50, mizunguko 1,430 kwa dakika. Kwa nini 1,430? Kwa hezi 50 na poli nne, usumaku ndani ya stata, sehemu ya mota isiyozunguka, unazunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota, sehemu ya ndani inayozunguka, inaufukuza lakini haiufikii, inabaki nyuma kwa mizunguko 70. Huko kubaki nyuma ndiko kunakoipa rota nguvu ya kusukuma mashine ya kusaga. Sasa geuzeni mambo. Turbaini, gurudumu linalozungushwa na maji, iisukume rota mpaka iupite usumaku, kiasi cha mizunguko 70 hivi juu ya 1,500. Mota ileile, bila kufunguliwa hata bolti moja, bila kuwaindwa upya, inaanza kutoa umeme. Haina brashi, haina sumaku za kununua, rota yake ni chuma na alumini tupu. Kitu cha kuchakaa ni beringi, na beringi zipo kila mji.

Lakini kuna deni. Mota hii haijitengenezei usumaku wake. Ikiwa kwenye gridi, yaani umeme wa taifa, gridi inaipa. Huko kijitoni gridi haipo, nani ataipa? Jibu limejulikana tangu mwaka 1935, wahandisi wawili wa Marekani, Basset na Potter, walipochapisha kazi yao iliyoonyesha kwamba kapasita, vifaa vinavyotunza umeme kwa muda mfupi, zikifungwa kwenye nyaya za mota, mota inajiamsha yenyewe. Chuma cha rota huwa kimebakiwa na usumaku kidogo. Ukizungusha, usumaku huo unazaa volti chache. Volti hizo zinasukuma umeme kwenye kapasita, kapasita zinaurudisha kwenye koili, usumaku unakua, volti zinakua, hatua kwa hatua, mpaka chuma kinashiba. Hapo volti inatulia. Ndani ya sekunde chache mita inapanda kutoka volti 3 hadi 230. Mafundi, kile kushiba kwa chuma mkikumbuke. Ndicho pekee kinachozuia volti isiendelee kupanda, na ni kizuizi dhaifu.

Je, jambo hili limewahi kufanyika kwetu, au ni la vitabuni? Twendeni Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza na shirika lililoitwa wakati huo ITDG, leo Practical Action, walijenga na wanavijiji mitambo miwili. Kathamba walipata maji lita 8.4 kwa sekunde na kimo cha kushuka maji cha mita 28. Gurudumu la Pelton, lenye vikombe ukingoni vinavyopigwa na maji, likafungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, wakapata kilowati 1.1, wakawasha nyumba 65. Thima walichukua pampu ya kawaida ya maji, wakaizungusha kinyume iwe turbaini: lita 28 kwa sekunde, kimo mita 18, kilowati 2.2, nyumba 110. Pigeni hesabu ya Kathamba wenyewe. 9.81 mara 8.4 mara 28 ni kama wati 2,300 za maji. Zilizotoka ni 1,100. Asilimia 48. Mkiambiwa na muuzaji kwamba mtambo wake mdogo unatoa asilimia 85, mkumbuke namba hii.

Kirinyaga hawakutumia betri. Umeme ulikwenda moja kwa moja kwenye taa za nyumba, kwa hiyo kilihitajika kifaa cha kielektroniki cha kushika mzigo: nyumba moja ikizima taa, kifaa kinaupeleka umeme ule kwenye hita, ili mota ione mzigo uleule saa zote. Kifaa hicho kinafanya kazi nzuri, ila radi ikikipiga hakipatikani dukani Makete wala Ludewa.

Hapa ndipo betri inapoingia, na hapa ndipo naomba masikio yenu. Betri inaifaa mota hii kwa namna ambayo mzigo mwingine wowote hauifai. Kwanza, mota haiwezi kujiamsha ikiwa imebebeshwa mzigo. Volti zikiwa bado 10 au 20, mzigo wowote unazinyonya na usumaku unakufa palepale. Lakini kati ya mota na betri kuna dayodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na dayodi hazifunguki mpaka volti ivuke ile ya betri. Kwa hiyo mota inaamka ikiwa peke yake, na mzigo unaingia wenyewe wakati volti imeshakomaa. Hakuna swichi ya kungojea, hakuna mtu wa kusimama getini. Pili, betri inaishika volti. Turbaini ikitaka kukimbia, volti inataka kupanda. Betri inakunywa ampea zaidi na kuirudisha. Tatu, hezi hazina maana kwa betri. Ziwe 50, ziwe 54, dayodi zinanyoosha zote.

Volti imeshikwa, kasi imeshikwa, hakuna gavana, kile kifaa cha kudhibiti kasi. Mnaona kwa nini nasema isiachwe bila mzigo? Gavana wa mtambo huu ni betri. Ukiiondoa betri, umemwondoa gavana.

Sasa kwa nini tusitumie oltaneta ya gari, ambayo inatoa volti 14 bila transfoma ya kushusha volti wala kapasita? Chukulieni nyumba iliyo mita 300 kutoka mtamboni, jambo la kawaida kabisa kwetu, maana maji yako bondeni na watu wako juu. Tuna wati 650 za kupandisha. Tukizisafirisha kwa volti 24 za betri, ni kama ampea 25 kwenye waya mbili. Ili tusipoteze zaidi ya asilimia 3 njiani tungehitaji shaba ya zaidi ya milimita za mraba 300. Nani ana fedha za shaba hiyo? Tukizisafirisha kwa fezi tatu za volti 230, ni ampea 1.7 tu kwa kila waya. Kebo ya milimita za mraba 2.5, ile ya soketi za kawaida, inatosha, na hasara yake haifiki wati 20. Mota inakaa bondeni, transfoma, dayodi na betri vinakaa nyumbani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua mota. Oltaneta pia inataka kasi kubwa, ina brashi, na inakula sehemu ya umeme wake kujipa usumaku. Mahali ambapo turbaini iko mita 10 kutoka kwenye betri tunaweza kubishana. Kwenye mita 300 hakuna ubishi.

Tujenge mtambo mmoja hapa kwa maneno, kuanzia majini.

Pimeni maji kiangazi, mwezi wa Oktoba au Novemba kabla ya mvua, maana maji ya Machi yanadanganya. Elekezeni maji yote kwenye pipa la lita 200 na mshike saa. Likijaa kwa sekunde 33, mna lita 6 kwa sekunde. Kimo pimeni kwa bomba lenye maji na geji ya presha chini yake: kila baa moja ni mita 10.2. Tuseme baada ya kutoa msuguano wa bomba tunabaki na mita 25. Maji yana wati 1,470. Turbaini ndogo iliyotengenezwa vizuri inachukua asilimia 60, kwenye shafti tunabaki na 880 hivi. Mota inachukua asilimia 75 ya hizo, tunabaki na 660. Transfoma, waya na dayodi zinakula zao. Betri inapata karibu wati 590, sawa na ampea 22 kwenye betri za volti 24.

Kuna atakayenung'unika kwamba wati 590 ni kidogo. Ndugu yangu, jua linalala saa kumi na mbili jioni, kijito hakilali. Wati 590 kwa saa 24 ni yuniti 14 kwa siku. Na betri inakuruhusu kukusanya usiku kucha ili mchana inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iendeshe kitu cha wati 2,000 kwa nusu saa.

Bomba msilibanie. Kwa lita 6 kwa sekunde na urefu wa mita 120, bomba la PVC la milimita 90 linakula kama mita moja na nusu ya kimo. La milimita 63 linakula karibu mita 10. Fikirini hilo: mmechimba mtaro, mmebeba saruji, mmejenga banio, halafu mnamwaga theluthi moja ya umeme kwa sababu ya bomba jembamba.

Gurudumu la Pelton: kwa mita 25 maji yanatoka kwenye nozeli, mdomo mwembamba wa bomba, kwa kasi ya kama mita 21.7 kwa sekunde. Vikombe vinafanya kazi bora vikikimbia kwa kasi iliyo chini kidogo ya nusu ya hiyo, mita 10. Ili shafti izunguke karibu mara 1,560, kipenyo cha gurudumu, kikipimwa pale maji yanapogonga, kinatoka milimita 122. Kinaingia moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hakuna puli, hakuna mkanda. Mota ya kilowati 1.1 ya poli nne ya fremu 90 ina shafti ya milimita 24. Fundi wa gurudumu aambiwe mapema. Nozeli wekeni mbili za kama milimita 13 kila moja. Mkipata mota ya poli sita, inataka gurudumu la milimita 180 hivi na kapasita zaidi. Kati ya gurudumu na mota wekeni sahani ya kutupa maji pembeni na sili ya mpira kwenye shafti. Mitambo mingi haiuawi na umeme, inauawa na maji yanayotambaa kwenye shafti mpaka kwenye beringi.

Kwa nini mota ya 1,100 tunaitoza 660 tu? Kwa sababu koili zinabeba mizigo miwili kwa pamoja, umeme wa kazi na umeme wa usumaku. Msivuke asilimia 80 ya kibati. Someni pia volti: mota ndogo zimeandikwa 230/400, maana yake zikifungwa delta, yaani koili tatu zikiungana kama pembetatu, zinafanya kazi kwa 230. Mota kubwa, kuanzia kama kilowati 4, nyingi zimeandikwa 400/690, na delta yake ni 400. Msichanganye. Na mota za fezi moja, zile zenye swichi ndani na kapasita ya kuwashia, waachieni wenye pampu za visima.

Sasa kapasita. Ndugu mafundi, hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kibati cha mota yetu kinasema ampea 2.6 kwa volti 400, na pawa fakta, yaani sehemu ya umeme inayofanya kazi, 0.79. Mzidisho wa fezi tatu, 1.73 mara 400 mara 2.6, unatupa VA 1,800, yaani volti mara ampea. Sehemu ya usumaku ndani yake ni kama 1,100. Gawanyeni kwa fezi tatu, 368 kila moja. Gawanyeni kwa 314, ambayo ni hezi 50 mara 6.28, kisha gawanyeni kwa 230 mara 230. Jibu ni maikrofaradi 22. Tatu za hizo, zimefungwa delta, sambamba na koili za mota, zote zikiwa palepale bondeni ili umeme wa usumaku usisafiri kwenye kebo.

Nunueni zipi? Kapasita za kuendeshea mota, zile kavu, zilizoandikwa volti 450 AC. Zile nyeusi za kuwashia mota, za maikrofaradi 100 na 200, zimetengenezwa kufanya kazi sekunde tatu. Zikikaa kwenye mtambo huu zinapasuka. Zipo rahisi, zinavutia macho, na zinapasuka. Kila kapasita ifungwe rezista ya kilo-omu 220 ya wati 2 kati ya miguu yake, ili umeme uliobaki umwagike mtambo ukizimwa. Hata hivyo, kabla ya kugusa, pima. Kapasita ya volti 325 za kilele haimjui fundi mzoefu wala mwanafunzi.

Ile 22 ni mahali pa kuanzia. Kwenye mtambo wa betri kapasita zina kazi nyingine ambayo wachache wanaiona: ndizo zinazoamua kasi. Volti imeshikwa na betri. Mkiongeza kapasita, mota inafikia volti hiyo kwa mizunguko michache zaidi, turbaini inaburuzwa polepole. Mkipunguza, turbaini inabidi ikimbie zaidi kabla ya kuanza kuchaji. Gurudumu lina kasi yake bora, kwa hiyo kuna kiasi kimoja cha kapasita kinachotoa ampea nyingi kuliko vyote. Mtakijuaje? Kwa kujaribu. Fungeni 15 kwa kila fezi, fungueni valvu mpaka mwisho, acheni mtambo utulie, andikeni ampea zinazoingia kwenye betri pamoja na hezi. Fungeni valvu, pimeni kapasita, ongezeni mpaka 20. Andikeni. Kisha 25, kisha 30. Ampea zitapanda, zitafika kileleni, zitaanza kushuka. Rudini kileleni. Fundi anayeruka zoezi hili anaweza kuacha robo ya umeme majini, na mwenye mtambo hatajua kamwe. Hezi zisishuke chini ya 50, maana transfoma zinaanza kuvuma na kupata moto. Afadhali 52 kuliko 45.

Kuna wanaotaka waya mbili tu, fezi moja. Inawezekana kwa mota hiihii ya fezi tatu, kwa njia iliyoenezwa na mhandisi Nigel Smith wa Uingereza: koili moja inapewa kapasita ya kiasi kimoja, ya pili inapewa mara mbili ya kiasi hicho, ya tatu haipewi kitu, na mzigo unafungwa kwenye ile ya kwanza. Kwa mota yetu ni 22 na 44. Mwelekeo wa kuzunguka ni sheria hapo. Mkiukosea, koili moja inabeba kuliko wenzake na mota inaungua ikiwa na mzigo mdogo tu. Kwa betri, mimi nashauri fezi tatu. Mota inafanya kazi sawasawa pande zote na dayodi sita zinatoa umeme mnyoofu zaidi.

Nyumbani sasa. Chukueni transfoma tatu zinazofanana, 230 kwa 12, VA 300 kila moja. Upande wa 230 fungeni delta. Upande wa 12 una siri nzuri. Mkiufunga sta, yaani ncha tatu zikikutana katikati, kati ya waya na waya mnapata volti 20.8, daraja la dayodi la fezi tatu linazidisha kwa 1.35, mnapata 28, dayodi zinakula mbili. Hiyo ni betri za volti 24. Mkiufunga delta, mnapata 12 kati ya waya na waya, mara 1.35 ni 16, toa mbili, 14. Hiyo ni betri ya volti 12. Transfoma zilezile! Kijiji kinachoanza na betri moja na kukua baadaye kinabadili vipande vitatu vya waya tu. Kwa zile volti 2 za dayodi kwenye ampea 22, wati 44 zinageuka joto. Daraja likae kwenye bamba nene la alumini, mahali penye hewa, mbali na betri. Betri za volti 24 zenye Ah (saa-ampea) 200 zinafaa kabisa, maana ampea 22 ni kama asilimia 11 yake, kiasi ambacho betri ya asidi inakipenda.

Nimesema neno gani nitalirudia? Mota isiachwe bila mzigo. Haya, tufike hapo.

Chukulieni fundi hodari wa sola. Amefunga paneli nyumba nyingi, kazi zake safi. Anaitwa kwenye mtambo wa kijito, anafika na kontrola ya sola, nzuri, ya bei. Anaifunga kati ya dayodi na betri. Siku mbili zinapita, kila mtu anashangilia. Siku ya tatu alfajiri, watu wamelala, taa zimezimwa, betri inajaa. Kontrola inafanya alichofundishwa fundi kwamba itafanya: inakata. Kwa paneli hakuna tatizo, paneli inakaa juani bila mzigo mwaka mzima. Kwa mota, gavana ameondoka. Gurudumu la Pelton lisilo na mzigo linakimbia kufikia karibu mara 1.8 ya kasi yake. Volti inaifuata, na kapasita zinazidi kuichochea kadiri hezi zinavyopanda. Inaweza kuvuka mara mbili ya kawaida. Kontrola inakufa kwanza, kisha kapasita zinavimba. Asubuhi fundi anaambiwa mota ni mbovu. Mota ni nzima. Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka umeme.

Kontrola ya kijito inatakiwa iwe ya kumwaga. Inakaa upande wa betri, na betri ikifika volti 28.8 inawasha hita, umeme unaendelea kutiririka, mota haijui kwamba kuna kilichobadilika. Baadaye inashusha mpaka 27.2 na kuishikilia hapo, kwa sababu betri inayochajiwa usiku na mchana bila kupumzishwa inachemka na kukauka. Hita iwe kubwa kuliko mtambo: omu moja kwa volti 28 inakula wati 784, na sisi tunatoa 590. Iwekeni kwenye pipa la maji ya kuoga. Mama zetu wa Makete wanajua baridi ya Julai, hawatalalamika kwamba umeme unamwagwa.

Na fyuzi ya betri ikikatika? Hapo kontrola nayo imepotea. Kwa hiyo kuna mlinzi wa pili, na ni rahisi: sakiti breka ya nguzo tatu, inayokata nyaya tatu kwa pamoja, iliyofungwa kwenye nyaya zinazokwenda kwenye kapasita. Kwa mtambo wetu kila waya wa hapo unapitisha kama ampea 2.8, breka iwe ya 4. Mota ikikimbia, volti inapanda na hezi zinapanda, na umeme wa kapasita unapanda kwa mzidisho wa vyote viwili, kwa hiyo unaweza kuwa zaidi ya maradufu haraka sana. Breka inapata joto, inakata, kapasita zinaachana na mota, usumaku unakufa, volti inaanguka. Haikati papo hapo, na ndiyo maana kapasita ziwe za 450. Turbaini bado inakimbia, lakini haina umeme wa kuua kitu. Gurudumu na beringi viwe vya kustahimili kasi hiyo mpaka mlinzi afike kufunga valvu.

Shoti kwenye kebo je? Hapa mota hii inanipendeza. Jenereta nyingine zinasukuma umeme kwenye shoti mpaka kitu kinaungua. Hii usumaku wake unaanguka mara moja, inanyamaza. Tatizo linakuja baadaye: shoti ikitolewa, mtambo unazunguka na volti haipandi. Usumaku uliobaki kwenye chuma umefutika. Msiifungue mota. Simamisheni turbaini, chukueni betri ya volti 12, pitisheni fyuzi, gusisheni waya mbili za mota kwa sekunde chache, ondoeni betri, fungueni maji. Itaamka. Ikikataa bado, pimeni kapasita moja moja, maana iliyokufa moja inatosha kuzuia, kisha angalieni kasi. Mota mpya kutoka dukani nayo wakati mwingine inahitaji kuamshwa hivyohivyo.

Na betri zilizonyonywa mno, zikashuka hadi 21 au 20, zinaishusha volti ya mfumo mzima, usumaku unalegea, na mtambo unaweza kugoma siku ileile mnayouhitaji kuliko zote. Inveta iwekwe ikate mapema, isiachwe inyonye mpaka mwisho.

Kamati, mbili zenu. Kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde lenu, kiombeni kabla ya kununua bomba, hata kama maji yanarudi mtoni yote. Na mlinzi wa mtambo afundishwe mpangilio huu mpaka auseme akiwa amefumba macho. Kuwasha: betri kwanza, kontrola na hita pili, breka ya kapasita tatu, valvu mwisho, polepole. Kuzima: valvu kwanza, gurudumu lisimame kabisa, ndipo mengine. Akianza kuzima kwa kung'oa nyaya za betri wakati maji yanapiga, mmeshaelewa kitakachotokea.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Pale mezani tumeweka mota ya kilowati 1.1, kapasita za 5, 10 na 20, na mota nyingine ya kuizungushia. Tupange mafundi wanne wanne. Kundi la kwanza lianze kwa kusoma kibati na kunipa maikrofaradi kabla ya kugusa waya wowote.